Chambo Chini ya Barafu: Namna ya Kuchagua Mshipi Wakati wa Zamhariri

Katika nchi za kaskazini, ambako majira ya baridi huchukua miezi minne au mitano, na maziwa hufunikwa na barafu yenye unene wa kubeba watu, vibanda na hata magari, uvuvi haukomi kwa kufungwa kwa maji, ila hubadili zana na adabu zake. Mvuvi hutembea kwa miguu juu ya ziwa lile lile alilolikata kwa mashua wakati wa joto, hutoboa tundu la upana wa shibiri moja kwa keekee kubwa, huopoa vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, kisha huketi juu ya ndoo au kigoda na kuteremsha mshipi katika maji meusi yaliyo chini ya nyayo zake. Mtu aliyelelewa katika pwani ya joto huenda akadhani kwamba kazi hiyo ni subira tupu iliyochanganyika na bahati nasibu. Lakini ndani yake mna ilimu pana, na sehemu iliyo bora ya ilimu hiyo imo katika swali moja: mshipi ufungwe namna gani, na ndoana ivishwe chambo gani, hata samaki ambaye baridi imempunguzia nguvu na hamu akubali kufungua kinywa?

Swali hilo tutalitazama hasa katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Jimbo hilo lina maziwa zaidi ya 10,000, na uvuvi wa barafuni ni desturi ya watu wake wa kila daraja, tajiri na maskini, wazee na watoto. Tena wamehamia huko watu wengi wa Afrika Mashariki, ambao watoto wao wanakua wakiona maziwa yakiganda kila mwaka, na si ajabu msomaji akawa na ndugu aliyealikwa na jirani zake kwenda kuvua. Ziwa mashuhuri kwa kazi hii ni Mille Lacs, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500, ingawa kina chake hakizidi takriban mita 13. Kandokando yake wanaishi Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao tangu zamani walikuwa wakijifunika juu ya tundu ili kuzuia nuru, wakateremsha samaki wa bandia aliyechongwa kwa mti, wakamchezesha kwa kigwe mpaka samaki mkubwa akasogea, ndipo wakamchoma kwa mkuki. Desturi hiyo inabainisha msingi wa mambo yote tutakayoyaeleza: mvuvi wa barafuni hawezi kuzungusha wavu wala kuburura ndoana nyuma ya chombo, hana budi amwite samaki aje chini ya tundu lake, na akishakuja, amshawishi.

Maji ya baridi na hali ya samaki

Maji yana tabia ya ajabu ambayo bila yake kusingalikuwa na uvuvi wa barafuni wala samaki wa kuvuliwa. Maji matamu huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofikia nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa kupita hapo huanza kuwa mepesi tena na kupanda, na yanapoganda kwa nyuzi 0, barafu yake huwa nyepesi kuliko maji kwa takriban sehemu 8 katika 100. Kwa sababu hiyo ziwa huganda kuanzia juu, na chini hubaki maji yanayokaribia nyuzi 4, ambamo samaki hustahimili mpaka majira yageuke. Samaki hao hawana joto la mwili lililo lao wenyewe. Miili yao hufuata joto la maji. Maji yakipoa, moyo hupiga polepole, chakula hukawia kusagika tumboni, na haja ya kula hupungua. Samaki wa namna hiyo hana sababu ya kukimbilia kila kinachopita mbele yake. Huweza kukisogelea chambo, akakitazama kwa kitambo, akakivuta kinywani pamoja na maji kidogo, akakitema papo hapo, na mkono wa mvuvi usihisi chochote.

Kutokana na hali hiyo hupatikana kanuni ambayo wavuvi wa kila nchi ya baridi wameifikia, kila kundi kwa njia yake: katika barafu, hali ya samaki huitangulia hamu ya mvuvi. Chambo kiwe kidogo kuliko cha wakati wa joto, mwendo wake uwe wa taratibu zaidi, na uzi uwe mwembamba kadiri nguvu za samaki anayetafutwa zinavyoruhusu. Kwa samaki wadogo wa kikaango, uzi wenye nguvu ya kubeba kilo 1 au 2 unatosha. Kwa wolai, samaki wa macho makubwa anayependwa kuliko wote Minnesota kwa utamu wa nyama yake, hutosha uzi wa kilo 3 au 4. Wembamba huo hauhitajiwi kwa ajili ya kuyadanganya macho ya samaki tu. Uzi mnene wa nailoni hukakamaa katika baridi na kubaki na mikunjo ya gurudumu uliloviringishwa, na chambo chepesi hakiwezi kuunyosha, basi habari ya mguso wa samaki hupotea njiani kabla haijafika mkononi.

Hata hivyo samaki wote hawako sawa mbele ya baridi. Paiki, mwindaji mrefu mwenye kinywa kilichojaa meno, huendelea kula vizuri majira yote. Na samaki aitwaye lota hutaga mayai yake chini ya barafu katikati ya baridi, tena hutafuta chakula usiku. Kwa hiyo mtu hawezi kuambiwa ni mshipi upi ulio bora kabla hajasema ni samaki yupi anayemtafuta.

Mshipi wa kuchezesha

Mishipi ya barafuni ina majina mengi madukani, lakini asili yake ni mitatu, na wa kwanza ni ule wa kuchezesha. Huu hushikwa mkononi kwa ufito mfupi, aghalabu wa sentimita 60 hadi 75, kwa kuwa mvuvi huketi karibu na tundu na hana haja ya kurusha. Kwa wolai, mwisho wa uzi hufungwa kijiko, yaani kipande cha madini kinachong'aa, chenye uzito wa gramu 4 hadi 7, kilichobinywa kidogo ili kiyumbe kinaposhuka, na chini yake huning'inia ndoana ya mikono mitatu. Mvuvi hukiinua kiasi cha sentimita 30, hukiacha kianguke, kisha hukituliza. Mng'ao wake huonekana kwa mbali, na mtikisiko wake hufika katika mstari wa hisi unaopita ubavuni mwa samaki. Lakini mara nyingi samaki huja kwa mchezo na huuma kwa utulivu, na wengi wa wanaoanza hukosa kwa sababu hawaachi mkono ukapumzika. Ili utulivu huo uwe na maana, ndoana huvishwa kichwa cha dagaa badala ya dagaa mzima: kichwa kina harufu na ladha ya kumthibitishia samaki kwamba alichokifuata ni chakula, ni kigumu kwa hiyo hakichomoki upesi, na hakina uzito wa kuuharibu mwendo wa kijiko.

Wafini, ambao nchi yao ina maziwa kwa maelfu na ambao sheria yao humruhusu kila mtu kuvua barafuni kwa ufito bila ya kulipa ada, wanacho chombo kingine cha kuchezesha. Ni samaki mdogo wa madini mwenye pezi la plastiki mkiani, ambaye hufungwa uzi mgongoni badala ya puani, hivyo hukaa mlalo majini, na kila anapovutwa juu huchomoka upande mmoja na kurudi kwa kuzunguka. Chombo hiki hutafuta eneo pana kuliko kijiko, nacho kinafaa samaki wanapokuwa na hamu. Wanapozubaa, mwendo wake huwa mkubwa mno.

Kwa samaki wa kikaango, kama vile blugili na perchi wa rangi ya manjano, vyombo hivi vyote ni vikubwa. Hawa huhitaji ndoana ndogo iliyotiwa kichwa cha madini chenye upana wa milimita 3 hadi 5. Zamani kichwa hicho kilikuwa cha risasi. Siku hizi wengi hutumia tungsteni, ambayo sentimita moja ya ujazo wake ina uzito wa gramu 19.3, ilhali ya risasi ni gramu 11.3. Faida yake ni dhahiri: kwa umbo lile lile dogo, chombo hushuka upesi zaidi, huunyosha uzi vizuri zaidi, na huufanya mkono uhisi kilichotokea mita 6 chini yake. Warusi wana ufundi wa muda mrefu katika jambo hili. Ndoana yao, iitwayo mormishka, ni punje ya madini iliyoshikamana na ndoana, nayo huchezeshwa kwa mtetemeko mdogo wa haraka usioonekana kuwa ni mwendo, bali ni kama uhai wa mdudu mmoja aliyesimama mahali pake.

Chambo cha ndoana hizi ni mabuu, nayo ni ya namna nyingi. Yapo mabuu meupe ya nondo wa nta, mdudu ambaye wafuga nyuki wa Tabora wanamjua kuwa ni adui wa masega yao; yapo mabuu ya nzi, ambayo ngozi yake ni ngumu na hudumu zaidi ndoanani; na yapo mabuu mekundu ya vijidudu vya jamaa moja na wale wanaopaa makundi kwa makundi juu ya Ziwa Viktoria. Wekundu wa mabuu haya hutokana na himoglobini, nayo huyawezesha kuishi katika matope yenye hewa kidogo. Kwa kuwa mabuu hayo ni chakula cha samaki katika maziwa mengi, chambo hicho hakimshangazi samaki yeyote.

Kuivisha ndoana kunahitaji mkono mwepesi. Buu hushikwa kwa vidole viwili vilivyokwisha kupashwa joto, ncha ya ndoana ikatiwa katika ngozi ya upande mmoja wa mwili, ikatokeza mara moja, na sehemu iliyobaki ikaachwa ining'inie na kujipinda. Kisha kifundo hutazamwa. Ndoana nyingi za aina hii zina kitundu juu ya shingo yao, na kifundo kikiteleza mbele au nyuma, chombo kizima huinama. Basi kila baada ya samaki mmoja mvuvi hukirudisha mahali pake kwa ukucha, mpaka chombo kikae mlalo, kama mdudu aogeleavyo. Na kwa sababu samaki hawa huuma kwa upole mno, kwenye ncha ya ufito hutiwa kipande cha waya mwembamba kinachonesa. Kikizama kidogo, samaki amevuta. Kikiinuka, samaki amekichukua chambo na kupanda nacho, na huo nao ni wakati wa kukaza uzi.

Mshipi wa boya na mshipi wa bendera

Mshipi wa pili ni wa boya, nao huachwa ufanye kazi peke yake. Una ndoana moja tupu, chubwi dogo lililobanwa juu yake kiasi cha sentimita 30, na boya dogo linaloelea tunduni. Ndoana hupitishwa chini kidogo ya pezi la mgongoni la dagaa aliye hai, bila ya kugusa uti, kisha dagaa huteremshwa mpaka karibu na sakafu ya ziwa, aogelee pale pale alipozuiwa na chubwi. Hapa ustadi wote umo katika mizani. Chubwi likiwa zito mno, dagaa huchoka na kulala; likiwa jepesi mno, hupanda juu na kumkimbia mwindaji. Boya nalo lilingane na uzito huo, lizame kwa mguso mdogo kabisa, kwani wolai akihisi ukinzani aghalabu hutema.

Mshipi wa tatu ni wa bendera, na huu hasa ni wa paiki. Mbao mbili zilizopishana, au kifuniko cha plastiki, hulazwa juu ya tundu. Chini yake, ndani ya maji ambako hakugandi, hukaa kigurudumu cha uzi mnene wa kusokotwa. Na juu huinamishwa bendera ndogo iliyofungwa kwenye utepe wa chuma. Samaki akiondoka na chambo, kigurudumu huzunguka, kichocheo huachia, na bendera husimama wima ikaonekana kwa mbali. Mvuvi huenda kwa hatua nyepesi, huuinua mtambo kutoka tunduni, na kuuvuta uzi kwa mikono, kama wavuvi wetu wa pwani wavutavyo mishipi yao.

Chambo cha paiki kinaweza kuwa samaki aliyekufa, kwa maana paiki haoni aibu kuokota mzoga. Samaki wenye mafuta mengi, mathalan wa jamii ya heringi, ndio wanaofaa kwa harufu yao. Lakini namna ya kumfunga samaki huyo ni jambo linalostahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo hutengana uvuvi wa hisani na uvuvi wa ukatili. Zamani ndoana moja kubwa ilitiwa kwenye chambo, na mvuvi akangoja dakika nyingi paiki ageuze na kumeza. Matokeo yake yalikuwa ndoana kukwama tumboni, na samaki mdogo ambaye sheria inataka arudishwe majini alirudishwa akiwa mahututi. Siku hizi hutumiwa waya mwembamba wa chuma usiokatwa na meno, wenye ndoana mbili za mikono mitatu, zilizoachana kwa sentimita 8 hivi. Mkono mmoja wa ndoana ya kwanza huchomwa nyuma ya pezi la mgongoni, na mkono mmoja wa ya pili karibu na pezi la kifuani, ili chambo kining'inie mlalo kama samaki mzima. Bendera ikiinuka, mvuvi hangoji. Hukaza uzi na kuvuta mara moja, ilhali chambo kingali kimekingamishwa baina ya taya, na ndoana hushika pembeni mwa kinywa, mahali ambapo huondolewa kwa koleo bila ya damu nyingi.

Wakati, nuru na mahali

Mvuvi akishaijua mishipi hiyo mitatu, hubaki kuilinganisha na wakati. Jicho la wolai lina utando unaorudisha nuru, nao humfanya aone katika giza ambalo mawindo yake hayaoni; kwa hiyo saa zake kubwa ni alfajiri na magharibi, na hapo kijiko huweza kuchezeshwa kwa nguvu. Adhuhuri, jua likiwa juu, mshipi wa boya humfaa zaidi. Paiki yeye ni mwindaji wa mchana, na bendera zake hutegwa kandokando ya majani ya majini. Theluji ikilala nene juu ya barafu, nuru hupungua chini, na hapo wengi hutumia vyombo vilivyopakwa rangi inayong'aa gizani baada ya kumulikwa kwa tochi. Katika maji maangavu hupendelea rangi ya fedha, na katika maji yaliyotiwa rangi na mboji hupendelea ya dhahabu.

Majira nayo yana hukumu yake. Barafu ikiwa changa, majani ya maji mafupi yangali mabichi na yanatoa hewa, na samaki hukaa humo wakiwa bado na hamu. Chambo kikubwa kidogo hakiwatishi. Ikifika katikati ya baridi, theluji huyanyima majani nuru, hewa hupungua, samaki wengi huhamia kwenye kina na kuzubaa, na huo ndio wakati wa vyombo vidogo kabisa na mikono mitulivu kabisa. Kuelekea mwisho wa baridi, maji ya theluji iliyoyeyuka yakianza kuingia ziwani, perchi na blugili hurejea kwenye maji mafupi na hamu yao hurejea nao.

Sheria ya Minnesota kwa kawaida humruhusu mvuvi nyuzi mbili barafuni, ilhali wakati wa maji wazi, katika maziwa mengi, humruhusu mmoja tu, na ruhusa hiyo imezaa mpango wenye busara: uzi mmoja uite, wa pili ungoje. Mvuvi hutoboa matundu mawili karibu karibu, huchezesha kijiko katika la kwanza, na katika la pili humwacha dagaa hai chini ya boya. Samaki huvutwa na kijiko kutoka mbali. Aliye jasiri huuma hapo hapo, na mwenye shaka hugeuka, akamkuta dagaa aliyetulia karibu yake. Siku boya linapozama mara nyingi kuliko kijiko kinavyoumwa, samaki wamemwarifu mvuvi kwamba wanataka upole, naye apunguze ukubwa wa chombo na wingi wa mwendo.

Hadhari na haki

Hakuna mshipi mwema juu ya barafu mbaya. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri unene usiopungua takriban sentimita 10 za barafu mpya na angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina karibu nusu tu ya nguvu hizo. Unene hupimwa njiani kila baada ya hatua kadhaa, maana ziwa moja laweza kuwa na sehemu imara na sehemu dhaifu.

Dagaa hai nao wana sharti lao: katika jimbo hilo ni haramu kuondoka ziwani na maji ya ziwa ndani ya ndoo ya chambo, kwa kuwa maji hayo huweza kuhamisha viumbe waharibifu. Na risasi, ijapokuwa ni rahisi kwa bei, ina madhara makubwa. Luni, ndege wa majini ambaye ndiye nembo ya Minnesota, humeza changarawe za kusagia chakula chake, na pamoja nazo humeza machubwi yaliyopotea. Chubwi moja dogo la risasi linatosha kumwua kwa sumu. Anayenunua tungsteni au bati hununua chombo kizuri zaidi, na wakati huo huo humwachia ndege yule uhai wake.

Ndugu anayekwenda barafuni mara ya kwanza asianze na paiki wala wolai, bali aanze na blugili na perchi: ufito mwepesi wenye waya unaonesa, uzi wa kilo 1 au 2, ndoana ya tungsteni ya milimita 4, na mabuu machache katika kikopo kilichohifadhiwa ndani ya koti yasigande. Samaki hao ni wengi, huvuliwa mchana, nao humfundisha mkono kutambua mguso mdogo kabisa. Atakayejifunza kwao kutulia, kupunguza na kungoja, atakuwa amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya kazi yote. Na siku atakapofunga waya wa paiki au kijiko cha wolai, atachagua kwa kumjua samaki, wala hataongozwa na bei ya chombo au uzuri wa rangi yake dukani.